Foleni ya Vibao

Pikoboli, mchezo uliobuniwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, Marekani, huchezwa kwa kibao na mpira wa plastiki wenye matundu. Asiye na kundi hukimbilia vipindi vya wazi kwenye ukumbi wa mtaa: hulipa dola chache na kuingia bila miadi. Kazi ni kukipata kipindi chenyewe. Vingi hupangwa asubuhi, wakati wenye ajira wako kazini na wastaafu wameshajaa uwanjani. Mgeni huweka kibao chake kwenye foleni ya vibao. Wanne hucheza hadi pointi 11, mshindi akizidi kwa mbili, kisha hupisha wengine. Kibao, tofauti na mwenyewe, hakichoki kusubiri.

Viwango kila mtu hujipimia, na kwa unyenyekevu wa binadamu unaojulikana, asiyeweza hata kuanzisha mpira hujipa 3.5, kiwango cha mchezaji wa wastani. Karibu na wavu, ndani ya mita 2.1, ni marufuku kuupiga mpira kabla haujadunda. Wanaoikumbusha sheria hii ni wengi kuliko wanaoifuata. Majirani waliochoshwa na ko-ko-ko ya vibao hawahangaiki kutafuta ratiba. Wameikariri.