Mti Umekatwa Lini?

Mfyuu! Nyie vijana mnaosema upinde wa kienyeji haudumu, sogeeni hapa kwenye benchi. Utadumuje? Mti mmekata asubuhi, jioni mmeshafunga ugwe, kesho mnataka kulenga shabaha. Hiyo ni fimbo mbichi yenye kamba. Msiusingizie upinde.

Mkiulizwa mnakimbilia methali: samaki mkunje angali mbichi. Haya, samaki akishakunjwa kazi imekwisha. Upinde kazi yake ni kunepa na kurudi, kunepa na kurudi, mara maelfu. Mti mbichi unakubali kupinda, ila kurudi hauwezi. Tumboni, upande ule unaomtazama mpigaji, nyuzi bado zimejaa maji. Ukivuta zinabonyea, na zikishabonyea hazinyanyuki tena. Unafungua ugwe, mti unabaki umejikunja, na mshale unaanguka miguuni pako.

Tena sisi watu wa Same ndio tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Wilaya moja, nchi mbili. Huko juu Chome, Mbaga na Mamba kuna ukungu na mvua, hadi kilele cha Shengena, mita 2,462. Huku chini mjini milima imetukinga mvua. Jua kali, upepo, vumbi. Sasa mtu anashusha mti wa mlimani juu ya lori la tangawizi, anautupa juani nyuma ya nyumba, halafu analalamika umepasuka. Usipasuke una nini? Nje umeshasinyaa, ndani bado una maji, lazima pawepo pa kuachia.

Fundi anayejijua hufanya hivi. Anachagua mti ulionyooka, kama mkole, mti wa nchi kavu uliozoeleka kwa pinde na fimbo kwa kuwa ni mgumu na unanepa. Anaupasua kwa kufuata nyuzi zake. Ncha mbili anazipaka nta au mafuta ya mnyama, maana maji hutoka nchani upesi kuliko ubavuni, na nyufa huanzia hapohapo. Kisha anaupandisha darini, penye kivuli na hewa. Unakaa miezi. Si siku, jamani, miezi!

Ukishakauka mnaniambia haupindiki tena. Aka! Unapindika kwa moto, na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Makaa yawe yametulia, yasiwe na ndimi. Fundi anapaka mafuta pale penye kombo, anapapitisha juu ya makaa huku anageuza, mpaka mafuta yaanze kutoa vipovu na mkono usiweze kukaa. Mafuta yanauzuia mti usiungue, tena yanalitandaza joto, na joto linalainisha kile kinachogandisha nyuzi za mti. Hapo anautia kwenye panda ya mti, au anauegemeza gotini juu ya gunia, anausukuma kwa uzito wa mwili, taratibu, bila kushtua. Ukifika anapotaka, anaushikilia. Haongei na simu, hainuki kusalimia wageni. Anaushikilia mpaka upoe. Ukiuachia wa moto, unarudi ulikotoka. Ukiuunguza ukawa mweusi, nyuzi zimekufa na utavunjika hapo.

Wapo wanaotumia mvuke wa sufuria, na kipimo chao ni kama saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Ni njia nzuri, lakini mvuke unarudisha maji, kwa hiyo mti uachwe ukauke tena kabla ya kuvutwa. Hilo nalo mnaliruka!

Halafu kuchonga. Mgongo wa upinde, upande ulioelekea shabaha, hauguswi ovyo: ukikata nyuzi za mgongo kwa kisu, umeshachagua mahali pa kuvunjikia. Huchongwa tumbo, kidogo kidogo, fundi anavuta na kutazama kama mikono yote miwili ya upinde inanepa sawasawa, anapunguza ule unaokaidi.

Ng'ambo ya Mkomazi, upande wa Tsavo, wawindaji wa Kiwaata walikuwa na pinde ambazo kuzivuta kulitaka nguvu ya zaidi ya kilo 45. Nguvu hiyo haitoki kwenye mti wa jana. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi mpaka leo hunyoosha mishale yao kwa moto na meno. Na hapa kwetu Upare, Washana walikuwa wahunzi wa kuheshimika. Nani aliwahi kuwaharakisha wapige chuma kabla hakijaiva?

Sisemi mwende kuwinda. Mkomazi ni eneo la hifadhi tangu 1951, na sheria ni sheria. Lakini upinde wa ngoma, wa shabaha, wa kufundishia watoto shuleni, huo ni wetu na unastahili kutengenezwa vizuri.

Nanyi wateja, msijifiche nyuma ya mafundi. Mtu anakuja Jumatatu, anataka upinde Jumamosi, na bei anaigandamiza. Mwenye watoto wa kulisha atafanyaje? Atakata mbichi akupe. Agiza msimu mmoja kabla, toa arbuni, ili fundi akate kwa kibali, awe na miti darini inayosubiri, na kijana wa kukaa naye ajifunze. Fundi akifa na miti yake mitano darini, hasara si ya familia yake peke yake.

Kwa hiyo ukienda kununua, usianze na bei. Uliza: mti huu umekatwa lini? Akisema juzi, mshukuru uondoke. Akisema uko darini tangu masika yaliyopita, mlipe anachotaka.