Namna ya Kumchosha Mdoli wa Chuo

Wewe unayesomea uuguzi Mbeya au Iringa, kamwangalie mdoli wa mazoezi wa chuo chenu. Kama bado amevikwa nailoni akisubiri wageni wa ukaguzi, kazi yako ya kwanza ni kumchosha.

Anza na mikono. Julai maji ya bomba hung'ata, na hapo ndipo mabingwa wa kulowesha ncha za vidole huzaliwa. Sabuni na maji vinataka sekunde 40 hadi 60. Baridi isikupunguzie hata moja. Mishipa nayo husinyaa kwa baridi, kwa hiyo ufunike mkono wa mgonjwa kwa kitambaa cha vuguvugu kabla ya kutafuta pa kuweka kanula. Mkono wa plastiki hauna shida hiyo, na wengi waliousifia hutokwa jasho wodini.

Kisha mchukue mdoli wa mtoto mchanga. Mjaze maji ya vuguvugu apate uzito. Mkaushe, msugue mgongo. Asipopumua, ambubegi, yaani mfuko wa kumpulizia hewa, ianze kazi kabla dakika ya kwanza haijaisha, pumzi 40 hadi 60 kwa dakika. Kifua hakipandi? Jibu haliko darini. Rekebisha kichwa, kaza barakoa, jaribu tena. Wiki ijayo rudia, na inayofuata pia. Katika Hospitali ya Haydom, Manyara, mafunzo ya siku moja yaliwang'arisha wahudumu mbele ya mdoli, lakini huduma ya chumba cha kujifungulia ikabaki ileile. Yalipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Ukipangiwa Hospitali ya Tosamaganga, Iringa, au wodi ya wazazi ya Meta, Mbeya, usimwite mtu "kitanda namba sita". Bibi wa Kihehe msalimie "kamwene", mweleze unachotaka kufanya, umwombe mkono ndipo uushike.

Na logibuku, daftari la kusainiwa kazi ulizofanya! Wapo wenye saini tele za kanula ambazo hawajaziweka. Dada, kaka, saini haiingii kwenye mshipa. Acha mstari mtupu, umfuate sista wa zamu: "Sista, sijaweza, naomba unisimamie."

Wakufunzi wetu, shikamooni. Tunaomba chumba cha mazoezi kifunguliwe jioni na Jumamosi pia, si wiki ya mtihani peke yake.