Namna ya Kujibanza na Kifaru Mpaka Ushinde

Karibu, mdogo wangu, sogea hapa kivulini. Najua kinachokusumbua. Kila ukiingia vitani wewe ndiye wa kwanza kuwaka moto, kisha unabaki kuwatazama wenzako wakicheza huku bando lako likiisha. Simu yako haina kosa, wala mtandao wa hapa kwetu Dakawa hauna kosa. Unapenda kuonekana, basi. Wote tunapenda. Lakini katika mchezo wa vifaru wa World of Tanks, iwe ile ya kompyuta wanayopambana 15 kwa 15, iwe Blitz ya simu, 7 kwa 7 ndani ya dakika 7, anayeonekana ndiye anayepigwa. Leo nakufundisha uoga wenye faida. Wahenga walishaumaliza mjadala huu zamani: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Shika simu, tuanze.

1. Mwache shujaa atangulie

Mchezo ukifunguka, usikanyage mafuta. Hesabu kumi. Katika kila timu yupo mmoja asiyeweza kungoja, na sasa hivi anashuka bondeni peke yake kwa kasi ya bodaboda. Usimzuie. Adui hawezi kumpiga kirahisi bila kujitokeza, na mara nyingi anayejitokeza anaonekana kwenye ramani yako. Mpe sifa akiwa hai, maana anazitaka na wewe unayahitaji macho yake. Ila sharti moja: kaa umbali ambao mzinga wako unawafikia wanaompiga. Akifa kabla hujafyatua hata risasi moja, umempoteza mtu na hujapata kitu.

2. Chagua kificho kisichobomoka

Uzio, miti na vibanda vya mbao ni mapambo. Risasi moja tu imevisambaratisha, na mara nyingine unavigonga mwenyewe ukiwa unarudi nyuma, ukabaki uwanjani kama ulivyozaliwa. Tafuta mwamba. Tafuta jengo kubwa ambalo mchezo hauruhusu livunjike. Tafuta pia mzoga wa kifaru kilichokwisha kuungua, kwa kuwa chuma chake kinaendelea kuzuia risasi mpaka mwisho wa mchezo. Kama mzoga huo ni wa yule shujaa wa hatua ya kwanza, jifiche nyuma yake bila aibu. Bado yumo timuni, na hapo anakusaidia kuliko alipokuwa hai.

3. Usikitegemee kichaka kupita kiasi

Kichaka hukuficha machoni pa adui tu. Risasi inapita katikati ya majani bila kupunguza mwendo. Halafu kina hila ambayo wachezaji wengi wa toleo la kompyuta hufa bila kuijua: ukifyatua ukiwa ndani ya mita 15 kutoka kichakani, kichaka hicho kinaacha kukuficha. Dawa yake ni kurudi nyuma kabla ya kupiga, mpaka uwe mbali nacho kupita umbali huo. Hapo wewe humwoni adui, lakini mwenzako wa mbele anamwona, nawe unampiga kwa macho ya kuazima. Jua pia mpaka wa mita 50. Adui akishafika ndani ya umbali huo mtaonana tu, hata kama kati yenu kuna ukuta. Kwa hiyo usimngoje mtu pembeni mwa nyumba ukidhani hajui kwamba upo.

4. Onyesha kichwa, ficha mwili

Hapa ndipo mtoto wa Dakawa anapomzidi mtu wa mjini. Sisi tumekulia tambarare. Uluguru tunaiona kusini, lakini chini ya miguu yetu ni majaruba na mifereji mpaka Wami, na tunajua thamani ya tuta. Kesho ukienda kuwinga kweleakwelea, shuka dunguni ukalale kifudifudi nyuma ya tuta la mfereji, uchungulie ng'ambo. Unaona jaruba lote. Aliye ng'ambo anaona nywele na macho yako, basi. Fanya hivyohivyo na kifaru. Panda mteremko kutokea nyuma, usimame pale ambapo mzinga umevuka ukingo wa kilima na mwili umebaki chini. Vifaru vingi vizito vina chuma kinene zaidi usoni mwa kile kichwa chenye mzinga, kwa hiyo unampa adui sehemu ngumu tu ya kupiga.

Kabla ya hapo, jua kifaru chako kinaweza kuinamisha mzinga kiasi gani. Vya Marekani kama M48 Patton huinamisha kufikia nyuzi 9 hivi, kwa hiyo vinafaa sana vilimani. T-54 ya Kisovyeti huinamisha takriban nyuzi 5 tu. Ukiwa nayo utalazimika kupanda juu zaidi ili umwone aliye bondeni, na tumbo litatokeza. Mwenye T-54 aache kilima, atafute kona ya nyumba.

5. Kona ina adabu yake

Usichomoze pua nyuma ya nyumba. Geuza kifaru mshazari, pua ibaki imefichwa na ukuta, kisha rudi kinyumenyume mpaka ubavu uchungulie kidogo kwa pembe kali. Adui ataona ubavu na kufurahi, kwa sababu kila mtu amefundishwa kwamba ubavu ni laini. Mwache apige. Risasi itakwaruza chuma na kuruka zake.

Sababu yake ni hesabu. Chuma cha mbele cha mwili wa T-54 kina unene wa milimita 100, lakini kimelazwa nyuzi 60 kutoka wima. Risasi inayokuja mlalo inalazimika kutoboa milimita 200. Unene wa chuma haukuongezwa hata milimita moja. Waliobuni walikiinamisha tu. Ukigeuza kifaru chako kwa pembe nzuri unajiongezea unene bila kununua chochote dukani. Vijana wanamaliza fedha za vocha kununua vifaru vya dhahabu, kumbe walichokosa ni kukata kona.

6. Mtekenye, kisha mpige

Hakuna binadamu anayeona kipande cha kifaru akatuliza kidole chake. Tumia udhaifu huo. Chomoza kidogo, rudi. Chomoza tena, rudi. Safari ya tatu atafyatua, na atapiga ukuta. Sasa ana sekunde kadhaa za kujaza risasi nyingine, na sekunde hizo ni zako. Toka, lenga taratibu, piga, rudi. Hesabu muda wake wa kujaza mara ya kwanza; mara ya pili utakuwa unajua lini mlango umefunguliwa. Wawili wakikutazama kwa pamoja, usitoke mpaka wote wawili wamekwisha kufyatua. Kificho kizuri ndicho hiki, kinachokupa nafasi ya kuamua ni lini utapigana.

7. Usiingie mahali pasipo mlango wa nyuma

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji nyuma ya mikoko. Kificho bora kuliko hicho hukipati. Lakini Waingereza walipoigundua waliziba midomo ya mto, ndege zikaelekeza mizinga, na Julai 1915 ikaishia humohumo. Ilijificha vizuri, ila haikuwa na pa kutokea.

Linganisha na yaliyotokea hapa kwetu Dakawa, Agosti 1916. Jeshi la Wajerumani, wengi wao askari Waafrika, lilikuwa limejichimbia ukingo wa kusini wa Wami, katika nyasi ndefu na vichaka. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalikuja kwa wingi mkubwa zaidi na yakazuiliwa mtoni. Usiku ulipoingia, walinzi wale waliondoka kimyakimya. Smuts akavuka, na tarehe 26 Morogoro ikachukuliwa, lakini jeshi alilokuwa akiliwinda lilikuwa limekwisha kuzunguka Uluguru likielekea kusini, na liliendelea kupigana mpaka Novemba 1918. Likiwa njiani lilikokota hata mizinga iliyoopolewa kutoka kwenye Königsberg ileile.

Kwa hiyo kabla hujasimama popote, tazama nyuma. Je, unaweza kurudi bila kugeuka? Je, kuna mwamba wa pili? Taa ya balbu ikiwaka kukuambia umeonekana, usikae kubishana nayo. Ondoka. Kwenye toleo la kompyuta kuna mizinga mikubwa inayodondosha mabomu kutoka juu, nayo inakipenda sana kifaru kilichozoea mahali pamoja.

8. Jua saa ya kutoka

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wanafunzi wengi hunitia aibu. Wanajifunza kujibanza, wanasahau kupigana. Mchezo unaisha, mtu wenzake sita wameungua, yeye kifaru kinang'aa kama kimetoka kiwandani, na bado anajiita mjanja. Huyo amewaibia wenzake. Uhai wa kifaru ni wa kutumiwa. Kila risasi unayoweza kuikwepa ikwepe, lakini ile ambayo ikikupata wewe inamwokoa mwenzako aliyebakiza uhai kidogo, toka uipokee. Kifaru chako bado kizima na chake kinakaribia kufa. Mizinga yenu miwili ni bora kuliko wako mmoja.

Hesabu ni rahisi. Adui wakibaki wachache kuliko ninyi, toka, wabane pande mbili. Wakibaki wengi, rudi nyuma, wapige mmojammoja wanapopita. Muda ukibaki dakika moja na wanakalia kituo chenu, toka hata kama unaogopa, kwa sababu baada ya hapo hakuna kitakachobaki cha kulinda.

Haya, anza mchezo mpya. Hesabu kumi kwanza. Na yule anayeshuka bondeni peke yake, mpe sifa zake, kisha umfuate kwa nyuma, ukiwa na mwamba mkononi na mwingine umekwisha kuuchagua.