Muulize Bi Tausi: Mchuzi wa Mama, Mkojo wa Mwanariadha

Wiki hii barua zimenimiminikia, na zote zinalalamikia neno moja la Kiingereza cha vijana: "dope", ambalo wenyewe hulitamka "doup". Mhariri alitaka nizungumzie mikopo ya vikundi vya akina mama. Nimemkatalia. Mikopo hata karani anaweza kuieleza. Neno lenye sura nyingi kama hili linataka mwanamke aliyekula chumvi nyingi na bado ngozi inang'aa. Picha yangu hapo juu mnaiona.

*Bi Tausi, shikamoo. Binti yangu anasoma Marekani. Amekuja likizo, nikampikia samaki wa kupaka, akaonja mchuzi akasema ni "dope". Mimi nilisikia "tope". Karudi zake Marekani na mpaka leo hatusemezani. — Mama Mchuzi, Tanga*

Marahaba, Mama Mchuzi, na pole. Kabla hatujafika kwa mtoto, niambie: nazi ulikuna mwenyewe au ulifungua pakiti? Nauliza kwa sababu nimeona ndoa zikivunjika kwa tui la pakiti. Mimi hutenga matui mawili. Jepesi ndilo linaloiva na nyanya, kitunguu thomu na pilipili mbuzi. Zito linaingia mwishoni, moto umepunguzwa, na mkono haukomi kukoroga mpaka liive, maana ukigeuka kumjibu jirani limekatika. Mama mkwe wangu wa pili, mwanamke ambaye hakuwahi kumsifu hata marehemu mumewe, alilamba mchuzi wangu mpaka kiganjani. Aliyekuwapo atathibitisha. Asiyekuwapo alikosa mengi.

Tulikuwa wapi? Ndiyo, mtoto. Sasa kaa chini, maana hili litakupa raha. Neno hilo lilizaliwa jikoni. Waholanzi wana kitenzi "doopen", yaani kuchovya, na mchuzi wa kuchovyea wakauita "doop". Hao ndio waliouanzisha mji wa New York, ulipokuwa bado ukiitwa New Amsterdam, na mwanzoni mwa karne ya 19 neno lao lilikuwa limeshahamia kwenye Kiingereza cha Marekani. Kwa hiyo, bibie, ukilifuata neno mpaka shinani, mwanao alikaa mezani, akaonja mchuzi, akatangaza kuwa ni mchuzi. Ada ya chuo imefanya kazi.

Baadaye neno likaharibikiwa, kama wanavyoharibikiwa wengi wanaotoka nyumbani mapema. Kutoka mchuzi mzito likawa jina la kitu chochote kizito cha kunata, na afyuni iliyopikwa kwa ajili ya kiko ilikuwa nzito na ya kunata. Hapo ndipo "dope" ikawa dawa za kulevya. Hata Coca-Cola, iliyoanza kuuzwa Atlanta mwaka 1886 ikiwa na chembe za kokeni, watu wa kusini mwa Marekani waliiita hivyo hivyo. Kisha katika miaka ya 1980 vijana wa muziki wa rapu wakaligeuza tena, likawa sifa: kitu kizuri kupita kiasi. Nasi tusijifanye tunashangaa. Hapa kwetu wimbo ukimkolea kijana ni "noma", ni "kali", ni "hatari", na hakuna anayekimbilia kuita zimamoto.

Tiba: usimpigie simu, atajiona ameshinda. Pika mchuzi ule ule, mwaga kidogo kwenye kanga nyeupe, ianike ikauke, uitume Marekani kwa ndege. Akiinusa atalia. Akilia, ndipo umpigie.

*Bi Tausi, mimi ni mkimbiaji wa nusu marathoni. Binamu yangu aliyeko Minnesota ameandika chini ya picha yangu Facebook kwamba mimi ni "dope". Kocha ameiona. Nimejificha msituni. — Mbio za Sakafuni, Iten*

Mwanangu, umemwandikia mtu anayeyajua mateso ya bingwa. Shuleni kwetu nilitawala mbio za ndimu na kijiko. Wenzangu walitembea kama wamebeba maiti. Mimi nilikata upepo na ndimu imetulia kijikoni kama imezaliwa pale. Wakazuka wenye wivu wakadai niliigandisha kwa ulimbo. Sikuwajibu siku ile na sitawajibu leo, na kijiko kilioshwa siku nyingi.

Hofu yako naielewa. Neno hilo ndilo lililozaa "doping", ile tunayoiita pufya au dawa za kusisimua misuli. Enzi zilizopita mambo yalikuwa wazi zaidi. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya mwaka 1904 huko St. Louis, Thomas Hicks alipoanza kulegea, wasaidizi wake walimpa striknini, ambayo ni sumu ya panya, pamoja na ute wa yai, wakamteremshia na brandi. Akavishwa dhahabu. Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa haikukatazwa. Lakini mwaka 1968 kule Mexico, Msweden Hans-Gunnar Liljenwall wa mchezo wa pentathloni alikunywa bia mbili, kwa maelezo yake, ili kutuliza mkono kabla ya kulenga bastola. Akawa mwanariadha wa kwanza wa Olimpiki kuondolewa kwa kosa la vitu vilivyokatazwa, na timu yake ikarudisha shaba. Bia mbili! Nina shemeji ambaye kwa kipimo hicho angerudisha hata cheti cha kuzaliwa.

Leo kuna shirika la dunia la kupambana na pufya, WADA, tangu mwaka 1999, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2016 na wakala wake, ADAK. Hao hawapimi maneno ya binamu. Wanapima mkojo na damu, na mkojo utautoa afisa akikutazama kabisa, kisha unagawanywa chupa A na chupa B, zinafungwa mbele yako. Chai yako ya maziwa kunywa bila wasiwasi. Kafeini iliondolewa kwenye orodha ya marufuku mwaka 2004. Kinachoweza kukumaliza ni huo msitu. Kama umo katika kundi la wanaofuatiliwa, unatakiwa kutaja muda wa saa moja kila siku na mahali utakapopatikana. Ukikosekana mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa, hata kama mwilini huna ila ugali.

Tiba: toka msituni. Binamu mwambie akitaka kukusifu atumie "hongera", au atume dola, ambazo kila kocha anazielewa. Kwa usalama zaidi kimbia na cheti cha maabara kimeshonwa mgongoni. Wapinzani wako watakisoma sana.

*Bi Tausi, mwenzangu anasema ana "dope" ya mtihani wa fizikia. Niite polisi? — Mtahiniwa, Morogoro*

Hapo maana yake ni habari za ndani, mwanangu. Asili yake ni mbio za farasi: wanyama walipewa dawa ili wakaze mwendo au wazubae, na aliyejua ni farasi yupi kapewa nini alirudi nyumbani na mfuko umetuna. Polisi waache kwanza, mwambie mwalimu mkuu, kwa sababu mtihani uliovuja ni mtihani uliovuja kwa lugha yoyote. Fizikia yenyewe ningekufundisha mimi kama si ratiba yangu. Simu uliyotumia kuniandikia inafanya kazi kwa sababu silikoni yake ilitiwa chembe za fosforasi au boroni ili ipitishe umeme vizuri, na mafundi wanaiita kazi hiyo "doping". Ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia zilikuwa na mabawa ya kitani yaliyopakwa "dope", vanishi ya kukaza kitambaa. Aina moja ya vanishi hiyo ilikuwa na kiyeyushi chenye sumu, na wafanyakazi wa viwandani Uingereza waliugua ini, wengine wakafa. Na yule mbilikimo bubu wa filamu ya Snow White ya mwaka 1937 anaitwa Dopey, kwa kuwa neno lile lile pia humaanisha zuzu. Nilikuwa naanza tu kunoga, ila mhariri amesimama mlangoni na saa mkononi.

Haya, upesi upesi. Msiliulize neno, mtazameni anayelisema na alichoshika: akiwa na kijiko, anakusifu, akiwa na chupa ya maabara, kaa kimya umwite wakili, akiwa na karatasi ya mtihani, mkimbie. Anayetaka vipimo vya tui langu alete nazi mwenyewe.