Milioni Arobaini za Shukrani

Picha iliingia kwenye kundi la WhatsApp saa tisa na dakika kumi usiku, tukiwa kwenye foleni ya pasipoti Dar es Salaam, watu ishirini na wawili wenye macho mekundu na shingo zilizopinda. Simu ziliita kwa mpigo kama vyura wa masika. Ilikuwa picha ya bahasha nyeupe iliyochanwa, na kando yake, zimetandazwa kama karata, noti nne za lira milioni kumi kumi. Chini yake, mwongoza watalii wetu wa Istanbul alikuwa ameandika kwa adabu inayoua: "Rafiki zangu, asanteni kwa kunifanya milionea. Baba yangu angefurahi sana kuzipata hizi mwaka 2001."

Foleni nzima ikageuka kunitazama. Mhazini nilikuwa mimi.

Watanzania wakikutana watatu ugenini wanaweza kukosa chai, kamati hawakosi. Siku ya pili tu, ndani ya basi, tulishachagua mwenyekiti, katibu na mhazini. Mwenyekiti, mzee mmoja mstaafu, alishika kipaza sauti cha basi na hakukiachia mpaka siku ya saba. Kamati ilikuwa na ajenda moja: bahasha ya kuagana. Dola 5 kwa kichwa kwa siku, siku saba, watu 22, jumla dola 770. Mwongozaji 500, dereva 270. Nilizikusanya kama michango ya harusi: kwa ahadi, kwa vikumbusho, na kwa kubandika kundini kila jioni orodha yenye alama ya vema mbele ya waliolipa, ili wasiolipa walale vibaya. Mama mmoja alinilipa kwa shilingi, na chenji akaidai kwa dola.

Fedha zilitimia. Nasisitiza hilo kwa sababu kuna watu hadi leo wanaamini vingine.

Balaa lilianzia kwenye lile soko lao kuu lililoezekwa, lenye maduka yapatayo elfu nne na mlango wa kutokea usiouona mara mbili. Nilikuwa nimepotea (mara ya tatu) nikamkuta mzee anauza noti zilizokufa. Nikanunua nne za milioni kumi, zawadi kwa wenzangu wa ofisini, nikazitia kwenye bahasha ya hoteli. Bahasha ya hoteli, kama zile mbili za kamati. Karatasi ileile, nembo ileile.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana noti hizo ni maajabu na nyumbani sijapata mtu wa kunisikiliza mpaka mwisho. Miaka ya tisini bei za Uturuki zilipanda kwa kasi, na serikali ikawa inazikimbiza kwa kuongeza sifuri. Mwaka 1995 ikatoka noti ya milioni moja. Mwaka 1997, milioni tano. Mwaka 1999, milioni kumi, hiyo niliyonunua mimi, yenye Atatürk upande mmoja, na upande wa pili ramani ya dunia aliyoichora nahodha Piri Reis mwaka 1513. Mwaka 2001 wakafika milioni ishirini. Hebu fikiria unamtuma mtoto dukani na inabidi umhesabie sifuri saba. Kisha tarehe 1 Januari 2005 wakafuta sifuri sita kwa mkupuo. Milioni moja ya jana ikaamka lira moja. Mishahara, madeni, nauli, vyote vikagawanywa kwa milioni, na hakuna aliyeamka tajiri wala maskini kuliko alivyolala. Pesa hiyo ikaitwa "lira mpya" hadi mwaka 2009, walipoona sasa si mpya tena wakaondoa neno hilo. Na zile za zamani? Zikaendelea kubadilishwa benki hadi mwisho wa mwaka 2015. Miaka kumi! Sisi Benki Kuu ilipoondoa noti zetu za zamani ilitupa kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025, na shangazi yangu akazikuta zake kwenye fundo la kanga mwezi Mei.

Kwa hiyo nilichompa yule kijana, mbele ya basi zima, kwa mikono miwili, baada ya hotuba ya Mwenyekiti iliyoanza na wakoloni na kuishia na utalii wa kisasa, kilikuwa karatasi. Na hata zingekuwa hai, milioni arobaini ni lira 40, simiti moja au mbili, ile mikate yao ya duara yenye ufuta. Tukampigia makofi matatu ya kilo. Akaweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa, na kwa ustaarabu wa kwao hakuifungua mbele yetu. Angekuwa Mbongo angeipima kwa vidole palepale, nikaokoka. Dereva alipata bahasha yake sahihi, akatuvukisha barabara kwa furaha. Uwanjani tukaagana kwa machozi. Yule mama wa chenji aliendelea kupaza sauti "Gaidi wetu, kwaheri gaidi wetu!" mbele ya askari wa ukaguzi mlangoni, tukamshukuru Mungu kwamba Kiswahili hakijafika kule.

Dola 500 zilikuwa wapi? Ndani ya kiatu cha kushoto, ndani ya begi langu, nilikozificha nikidhani ninaficha zawadi.

"Mhazini," Mwenyekiti alisema pale foleni, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyewahi kufukuza watu kazi, "tunaomba maelezo."

"Shikamoo mzee," nikasema, ingawa tulikuwa pamoja tangu jana. "Fedha zipo. Zimo begini. Tukichukua mizigo nitawaonyesha."

Wakanisindikiza hadi kwenye mkanda wa mizigo, wote, hata wasio na mizigo. Mabegi yakatoka. La Mwenyekiti likatoka, na zulia lake. Ndoo ya zeituni ya mtu nisiyemjua ilizunguka mara tisa. Langu halikutokea. Dada wa dawati akabofya kompyuta yake, akanitazama kwa huruma ya kikazi: begi limebaki Istanbul, litafika baada ya siku mbili.

Yaani mwongozaji na dola zake walikuwa mji mmoja, yeye kwake na zenyewe ndani ya kiatu changu, na aliyekuja Dar kuzijibia ni mimi. "Hii nayo mpya," alisema mtu nyuma yangu. Hakuwa anasema lira.

Lakini na mimi nina langu la kusema. Kipeperushi cha safari kiliandika kwamba kila kitu kimo. Ukurasa wa mwisho, kwa herufi za kuazimia miwani: isipokuwa bahasha za shukrani. Shukrani gani inayopangiwa bei? Yule kijana amefaulu mtihani, ana leseni ya serikali inayoning'inia shingoni, na kila mwaka serikali yao hutangaza kima cha chini cha malipo ya siku kwa watu wa kazi yake. Aliniambia, tukinywa chai kituo cha mafuta njiani kwenda Kapadokia, kwamba kima hicho yeye hukisoma tu. Anaishi kwa bahasha na kwa kamisheni ya maduka. Ndiyo maana Aya Sofia, jengo lililosimama tangu mwaka 537, tulilitazama kwa nje dakika ishirini, maana tiketi ya euro 25 "haimo", halafu duka la mazulia tukakaa saa mbili na nusu tukinyweshwa chai ya tufaha.

Nilikuwa na hasira nzuri kabisa mpaka nikakumbuka geti la Mweka. Nimesimama pale mara nyingi nikiwatazama wageni walioshuka Kilimanjaro wakihesabu dola pembeni, wakibishana nani apewe ngapi, huku wapagazi waliobeba mizigo ya kilo 20 wanaimba na kucheza wakiisubiri bahasha kama sisi tulivyosubiri begi langu. Niliwacheka wale wazungu. Mwenye kampuni hayumo kwenye picha ile. Hayupo Mweka, na Istanbul hakuwepo. Alishachukua chake miezi mitatu kabla, kwa risiti, na hakuna kamati iliyomsimamisha saa tisa usiku kumwambia tunaomba maelezo.

Mengine ya safari hayana uzito. Puto la Kapadokia halikuruka kwa sababu ya upepo. Bosfori nilisinzia kwenye boti, Asia ikanipita.

Begi lilifika Alhamisi. Kamati ilikutana kwangu, ikashuhudia kiatu kikitolewa, ikahesabu mara mbili, Mwenyekiti akapiga picha na kuituma kundini, ambako watu tisa walikuwa wameshajiondoa na mmoja anatangaza viwanja Kigamboni. Nilikwenda kumtumia benki. Makato yakala dola kadhaa, nikazifidia mfukoni mwangu bila kumwambia mtu, isipokuwa wewe.

Mwongozaji alijibu siku ileile kwamba zimefika. Akaomba radhi kwamba zile noti hawezi kunirudishia zote nne: moja ameshaiuza kwa mtalii wa kundi lililofuata, na kama ninajua mahali pa kupata nyingine, zinatoka vizuri.