Jibini ya Sikukuu

Sikukuu ya Idi huko Pemba haiishi kwa siku moja. Ina mosi, pili, tatu na nne, na jioni zote hizo watoto wa Chake Chake humiminika viwanja vya Tibirinzi wakiwa na nguo mpya na pesa za mkono wa Idi zinazowawasha mfukoni. Wachuuzi huwasubiri. Yuko wa urojo, yuko wa mishikaki, yuko wa chipsi, yuko wa barafu za rangi ambazo hugeuza ndimi kijani. Kijana mmoja wa Machomanne, aliyewahi kuosha vyombo katika hoteli moja ya Unguja, aliona pengo: hakuna aliyeuza mkate wa soseji wenye jibini. Hakujiuliza kwa nini hakuna.

Wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Mjini Copenhagen matoroli ya soseji yaliruhusiwa mitaani mwaka 1921, na mpaka leo yapo. Seattle, mwishoni mwa miaka ya 1980, walianza kupaka mkate wa soseji jibini laini na kuurundikia vitunguu vya kukaanga, na watu wanaotoka kwenye muziki usiku wa manane wakaupokea kwa mikono miwili. Vienna wana soseji ambayo jibini imo humo humo ndani, na anayeing'ata kwa pupa huungua ulimi mbele za watu. Karibu na nyumbani, Nairobi, soseji ya smoki hupasuliwa tumbo ikashindiliwa kachumbari. Jibini haimo na hakuna aliyekwenda mahakamani.

Ila miji hiyo yote ina kitu ambacho Chake Chake haina, nacho ni baridi. Friji zipo, hilo halina ubishi. Tangu mwaka 2010 umeme wa Pemba huja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na enzi ya kutegemea majenereta ya dizeli imebaki hadithi. Lakini toroli halina waya wa chini ya bahari. Toroli lina deli, na deli lina barafu, na barafu ina haraka zake.

Jibini ya kwanza ilikuwa chedda, kipande kizito cha rangi ya manjano kilichonunuliwa Unguja na kupandishwa boti katika kikapu cha ukili, chini ya magunia ya mtu mwingine. Ilishuka Mkoani, ikapanda gari ya abiria mchana wa jua kali, ikafika Machomanne ikitoka jasho kama utingo. Haikuwa imeharibika. Mafuta ya maziwa huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 32 hivi, na nyuzijoto hizo Pemba mtu huzipata bila kuwasha jiko. Mafuta yakilainika hujipenyeza nje, na jibini ikang'aa usoni.

Bibi yake aliinusa kwa mbali.

"Hichi kimeoza, mwanangu."

"Hakijaoza, bibi. Ndivyo kilivyo."

"Basi kimezaliwa kimeoza."

Kijana alihitaji kuikuna, na nyumbani hapakuwa na kikunio isipokuwa mbuzi ya nazi. Akaikalia, akaanza. Chedda iliyolainika haikuniki. Hujibandika kwenye meno ya mbuzi na kukaa humo kama aliyepanga chumba. Kesho yake bibi alikuna nazi kwa mbuzi ile ile, akachuja tui, akapika wali. Ulikuwa wali wa kwanza wa nazi na chedda katika historia ya Machomanne, na kwa maoni ya waliokuwepo, wa mwisho. (Ingetosha kuiweka jibini kwenye barafu kwa nusu saa kwanza. Jibini baridi hukunika vizuri, hata kwa mbuzi, ingawa ruhusa ya bibi ni suala jingine.)

Baada ya kukuna kulikuwa na kuyeyusha. Hapa wengi hudhani kazi ni moto tu: weka kikaangio juu ya seredani, tia jibini, subiri. Kijana alichochea mkaa mpaka ukawa mwekundu, na alichopata ni donge gumu lililoogelea katika dimbwi la mafuta ya manjano. Sababu yake ni rahisi. Jibini ni mtandao wa protini ulioshika maji na mafuta. Mozarela hulegea kwenye nyuzijoto 55 hivi, chedda kwenye 65, na zile ngumu za Kitaliano mpaka 82. Ukizidisha hapo, protini hujikunja, hukamuana, na kutapika maji na mafuta yote ziliyokuwa zimeyashika. Donge lile lilidunda liliposhuka sakafuni. Mdogo wake alilichezea mpira.

Akashauriwa atengeneze rojo. Njia ya kuaminika ni kuchanganya jibini iliyokunwa na kijiko kikubwa cha kornflawa, kumimina maziwa ya kopo yasiyo na sukari, kisha kukoroga juu ya moto mdogo mpaka iwe nzito. Wanga hukaa kati ya vipande vya protini na kuvizuia visishikane, na rojo linabaki laini. Kila kitu kilikwenda sawa isipokuwa neno moja kwenye kopo. Dukani makopo ya maziwa hupangwa pamoja, na yeye alichukua yale mazito ya sukari, ya kutilia chai. Rojo lilitoka laini na zuri la kupendeza macho, likawa na ladha ya keki iliyogombana na jibini. Mdogo wake alilamba sufuria nzima na kuuliza kama lipo jingine. Mtu mwenye busara angeuza lile.

Yeye akataka la kitaalamu. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba wapishi wakubwa hutumia chumvi za sitrati, ambazo huifanya jibini yoyote iyeyuke bila kutengana, na kwamba unaweza kuzitengeneza mwenyewe kwa ndimu na soda ya kuokea. Hilo ni kweli kabisa. Asidi ya ndimu ikikutana na soda hutoa sitrati ya sodiamu, na pamoja nayo hewa ya ukaa, nyingi, kwa fujo. Maelekezo husema povu liachwe litulie kwanza ndipo jibini itiwe. Kijana alitia kila kitu pamoja, tena ndani ya sufuria ndogo. Povu la manjano lilipanda, likavuka ukingo, likazima seredani na kuendelea na safari kuelekea mkeka wa bibi. Bibi alihamisha mkeka bila kusema neno, na hilo lilitisha kuliko maneno.

Kilichobaki sufuriani, kusema haki, kilikuwa rojo bora kuliko yote yaliyotangulia. Kilitosha mikate miwili.

Wakati huo habari zilikwishatoka mtaani, na ami yake alipita baada ya sala ya alasiri kuuliza swali ambalo mapovu yalikuwa yamelisahaulisha. Jibini hugandishwa kwa kitu gani? Kwa desturi ya zamani, maziwa hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka kwenye tumbo la ndama, na hapo huja maswali: ndama yupi, amechinjwa vipi. Siku hizi viwanda vingi hutumia kimeng'enya kinachozalishwa na vijidudu kama hamira na kuvu. Marekani walikiidhinisha mwaka 1990. Karatasi ya chedda haikusema lolote la maana. Ami akaigeuza, akaisoma mbele na nyuma, akairudisha. "Basi we uza soseji na pilipili," alisema, "hiyo nyingine mpe paka." Paka alinusa akaondoka.

Jibu lilikuwa Unguja muda wote, pale Forodhani, ambako kila jioni wapishi wa pizza ya Zanzibar hutandaza unga, wakatia kima, kitunguu na yai, kisha wakavua karatasi ya fedha kwenye kipembetatu cha jibini na kukipachika katikati. Hawakichagui kwa utamu. Wanakichagua kwa sababu kinakaa kwenye meza bila friji mpaka kifunguliwe. Asili yake ni Uswisi, mjini Thun, ambako mwaka 1911 Walter Gerber na Fritz Stettler walitafuta jibini itakayostahimili safari ya nchi za joto, wakaipata kwa kuipika pamoja na sitrati ya sodiamu. Yaani dawa ile ile iliyozima seredani Machomanne. Miaka kumi baadaye, 1921, Léon Bel wa Ufaransa alisajili La vache qui rit, yule ng'ombe mwekundu anayecheka, mwenye hereni zilizotengenezwa kwa maboksi ya jibini yake mwenyewe. Toroli la soseji la Copenhagen na ng'ombe huyo walitokea mwaka mmoja.

Kwa watu wa Pemba, picha hiyo ina utata kidogo. Kisiwa hiki kina mchezo wa ng'ombe, ambao husemwa uliachwa na Wareno, na kila aliyewahi kukimbizwa uwanjani anajua kwamba ng'ombe akikutazama hivyo, hacheki.

Sikukuu mosi toroli lilisimama Tibirinzi likiwa na maboksi ya duara, kila boksi vipembetatu vinane, vyote vikiwa na alama ya halali ambayo ami aliikagua mwenyewe kwa miwani. Kazi ilikuwa nyepesi: mkate wa boflo upasuliwe, soseji itoke motoni, kipembetatu kibonyezwe juu yake ingali na joto, kwa mgongo wa kijiko, kisha ndimu, pilipili na achari ya mbirimbi. Ukali wa mbirimbi ulikata yale mafuta ya jibini vizuri kabisa, na hapa lazima kusifu: mchanganyiko ule hauna cha kuonea haya mbele ya Seattle.

Lalamiko lilikuwa moja. "Yakhe, mbona haivutiki?" Watoto walikuwa wameona kwenye simu jibini inayonyooka kama uzi kutoka mdomoni hadi kwenye sahani. Chumvi zile zile zinazoizuia jibini isitengane ndizo huukata uzi wake. Kipembetatu hupakika, hakivutiki. Kijana alijaribu kulieleza hilo kwa mtoto wa miaka saba mwenye noti mkononi. Mtoto alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kipembetatu peke yake, bila soseji, bila mkate. Nyuma yake wenzake wakaomba hivyo hivyo. Walivua karatasi ya fedha wakiwa wanatembea, wakatia mdomoni, wakaenda kwenye pembea.

Kufikia sikukuu tatu maboksi yalikuwa yamekwisha na deli limejaa soseji. Bibi, aliyekuwa na sufuria yake ya urojo hatua chache kutoka hapo, aliagiza ziletwe. Alizikata vipande vidogo, akazichanganya na kachori, viazi na chipsi za muhogo, akamwagia chatne, na foleni ikajipanga mpaka karibu na barabara.

"Bibi, na mimi nifanye nini?"

"Bakuli hizo," alisema bibi. "Na ile mbuzi yangu, usugue tena. Bado inanuka."