Karata ya Kumi na Moja

Mchezo wa karata 21 ni kiinimacho ambacho mtazamaji huchagua karata moja kimoyomoyo na mwonyeshaji huitoa bila kuambiwa ni ipi. Hauhitaji vidole vyepesi, wala karata iliyofichwa ndani ya mkono wa shati, wala mtu aliyepangwa mapema akakaa katikati ya watu. Anayeweza kuhesabu hadi kumi na moja anauweza. Hesabu yake haikosei hata siku moja, na kwa sababu hiyo unafaa sana kuchunguzia jinsi maonyesho yanavyoharibika: pakitokea aibu, karata hazina hatia.

Kwanza pakiti. Pakiti kamili ina karata 52, lakini pakiti kamili huonekana dukani. Ya nyumbani huwa imeshapungua: moja imekunjwa ikawekwa chini ya mguu wa meza inayoyumba, nyingine ilikwenda shule ndani ya daftari na haijarudi. Mchezo huu hauna neno na hayo. Unastahimili upotevu wa karata 31. Usichostahimili ni karata ya badala, yaani kipande cha boksi la dawa ya meno kilichokatwa kwa mkasi na kuandikwa "pau saba" kwa kalamu ya wino. Hiyo ikichaguliwa, hata ikilala kifudifudi inajulikana kutoka mlangoni, na watoto waliokaa mbele wataitaja kabla ya safu kupangwa.

Kisha watu. Mtu mzima aliyewahi kupita stendi ya mabasi anaijua pata potea, ile kamari ya karata tatu ambayo mshindi huwa ni mwenzake mwenye karata. Akiona karata zinachangwa, kitu cha kwanza anachofanya ni kushika mfuko wake. Ni busara kutangaza mapema kwamba hakuna fedha inayowekwa. Hata tangazo hilo lina hasara yake: wacheza karata wa kweli hupoteza hamu papo hapo, na mmoja wao ataomba, kwa upole, zile zilizobaki ili wenzake waendelee na mambo yao pembeni.

Utaratibu wenyewe ni huu. Karata 21 hupangwa chali katika safu tatu za karata saba saba, zikigawanywa moja moja kutoka kushoto kwenda kulia. Mtazamaji huchagua karata yake na kusema tu imo katika safu ipi. Mwonyeshaji hukusanya safu zote, ile iliyotajwa akiiweka katikati ya nyingine mbili, kisha hugawa tena vilevile. Hilo hufanyika mara tatu. Baada ya jibu la kwanza, karata inayotafutwa ni mojawapo ya saba. Saba hizo zikigawanywa upya hutawanyika mbili au tatu kwa kila safu, kwa hiyo jibu la pili hubakisha mbili au tatu. Mgao wa tatu huzitenganisha hizo, kila moja safu yake, na jibu la tatu hubakisha moja. Safu ikirudishwa katikati, karata hiyo huwa ya 11 kutoka juu, na pia ya 11 kutoka chini, hivyo hata anayeanza kuhesabu upande usio wake yuko salama. Mwanahisabati Mfaransa Joseph Gergonne alichambua mchezo wa jamii hii wenye karata 27 mwanzoni mwa karne ya 19, na jina lake limebaki kwenye mchezo huo. Katika uchambuzi wa namna hii hakuna mahali pa shangazi.

Na shangazi ndiye mwenye kauli, kwa kuwa mtambo wote umesimama juu ya majibu matatu ya mtu mmoja. Amechagua uru tisa, simu ikaita, alipomaliza kuagana na fundi bomba anakumbuka tu kwamba ilikuwa nyekundu.

"Imo safu ipi, shangazi?"

"Nadhani hii."

Hesabu haina njia ya kupokea "nadhani". Kuna pia mkarimu, ambaye badala ya kutaja safu huigusa karata yenyewe kwa kidole ili kumrahisishia kijana kazi. Lakini wa kuogopwa kweli ni mjomba anayebadilisha karata kati ya mgao wa pili na wa tatu kwa sababu ameona nyingine iliyompendeza zaidi. Akiulizwa baadaye atasema hakuambiwa kuwa hairuhusiwi. Ni kweli, hakuambiwa.

Dawa inayotumika sana ni mchaguzi kumwonyesha jirani yake karata hiyo kwa siri, ili wawe mashahidi wawili. Inasaidia, mpaka mmoja aseme ilikuwa kopa na mwingine aapie uru. Kuiandika kwenye karatasi ni bora zaidi, ikiwa kalamu itapatikana.

Migao mitatu maana yake ni kuweka karata chini mara 63, na kimya cha mara 63 hakivumiliki. Hapo ndipo soga linapotakiwa. Bahati mbaya soga na kuhesabu havikai kinywa kimoja: anayesimulia habari za mchawi wa zamani hujikuta ana safu moja ya karata nane na nyingine ya sita. Feni nayo huzimwa kabla ya mgao wa kwanza, na mwenye joto huiwasha kabla ya wa tatu.

Kuitoa karata kunataka mbwembwe kidogo. Kuhesabu kwa sauti hadi 11 ni kujianika. Mwonyeshaji mzuri hutandaza karata kifudifudi, huzunguka nazo, hufumba macho, hushika ile anayoijua tangu zamani, na kuigeuza taratibu. Jibu la kawaida ni "Ndiyo", likifuatiwa na swali kama chai imeiva. Mchaguzi mwenye utani hukana, na dhidi yake hakuna la kufanya.

Baraza likifurahi, litadai mchezo urudiwe. Kanuni zinazonasibishwa na mwanamazingaombwe Mmarekani Howard Thurston (1869–1936) zinakataza kurudia kiinimacho kilekile mbele ya watu walewale, nazo ni kanuni za mtu aliyefanya kazi jukwaani, mbali na jamaa zake. Nyumbani hakuna anayemkatalia bibi. Karata hugawanywa tena, na safari hii mtoto wa darasa la tatu haangalii karata. Anaangalia midomo ya anayehesabu. Mzunguko unaofuata yeye ndiye anayegawa.